Lugha kama Amana ya Ukoo: Chizigula cha Bonde la Juba na Marejeo Yake Handeni na Korogwe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna lugha moja ya Kibantu, Chizigula, ilivyotunzwa kwa zaidi ya karne moja na nusu na wazao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Uzigua hadi kusini mwa Somalia, pamoja na hali iliyoikuta lugha hiyo baada ya baadhi ya wazao hao kurejea Handeni wakiwa wakimbizi. Hoja inayotetewa ni kwamba masharti yaliyoilinda Chizigula ugenini hayapo tena nyumbani, na kwamba Kiswahili kina uwezo wa kufanya Handeni jambo ambalo Kisomali hakikulifanya katika Bonde la Juba. Mkazo umewekwa katika fonolojia, hususan toni, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ya urithi huo inayoweza kupotea bila mzungumzaji wala msikilizaji kutambua.

Utangulizi

Linapotajwa suala la urithi wa familia, fikra huenda moja kwa moja kwenye vitu vinavyoshikika: mkufu wa bibi, upanga wa babu, msahafu ulioandikwa majina ya wazee katika ukurasa wake wa mwisho, kiti cha jumbe. Vitu vya namna hii huwa na thamani ya pekee kwa familia zenye asili ya uhamiaji, kwani humwonesha mjukuu kwamba hadithi anayosimuliwa kuhusu alikotoka ina mahali pa kushikia. Hata hivyo, dhana hiyo inamhusu zaidi mhamiaji aliyeondoka kwa hiari na kupata muda wa kufunga mzigo. Aliyewekwa rehani wakati wa njaa, au aliyepakiwa jahazini kwa hila, hakuwa na mzigo. Kwa watu wa aina hiyo, kitu pekee ambacho mwenye kuwamiliki hakuweza kuwanyang'anya kwa siku moja kilikuwa lugha yao.

Kiswahili kina istilahi mbili zinazofaa kutofautishwa hapa. Mirathi hugawanywa, kila mrithi ana fungu lake, na fungu la mmoja hupunguza la mwenziwe. Amana haigawanywi. Huwekwa mikononi mwa mtu kwa niaba ya mwingine, naye hutarajiwa kuirudisha kama alivyoipokea. Lugha ya ukoo iko karibu zaidi na amana kuliko mirathi, kwa sababu mtoto wa kwanza kuipokea hampunguzii mdogo wake kitu. Lakini inatofautiana na amana ya kawaida kwa jambo moja zito: mkufu huhifadhika kwa kufungiwa sandukuni, ilhali lugha huhifadhika kwa kutumiwa kila siku, na katika kutumiwa huko hubadilika. Hivyo, swali la iwapo imerudishwa kama ilivyopokewa haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana.

Kuhusu majina, makala haya yanatumia Kizigua kwa lugha inayozungumzwa Handeni, Kilindi na sehemu za Korogwe, kama ilivyozoeleka katika Kiswahili, na Chizigula cha Juba kwa lugha ya wale waliotoka Somalia. Wenye lugha wenyewe, wa pande zote mbili, hujiita Wazigula. Kudondoka kwa /l/ katika umbo la Kiswahili si jambo la bahati nasibu, na litarejewa baadaye.

Kutoka Uzigua hadi Gosha

Katika miaka ya 1830, ukame na njaa viliwasukuma Wazigula wengi kuelekea pwani ya Mrima. Huko, kama ilivyokuwa desturi ya nyakati za dhiki, watu waliweka rehani nafsi zao au watoto wao kwa ajili ya chakula. Masimulizi yaliyohifadhiwa Juba yanasisitiza kwamba wahenga hawakujiuza. Yanasema waliahidiwa kazi na kurudishwa makwao, kisha majahazi yakawapeleka kaskazini. Msisitizo huo una maana yake katika jamii ambamo kuitwa mzao wa mtumwa ni tusi lenye matokeo katika ndoa, ardhi na haki. Walishushwa katika bandari za pwani ya Benadiri, yaani Barawa, Marka na Mogadishu, na kutumikishwa katika mashamba ya nafaka na ufuta ya Bonde la Shebeli.

Si muda mrefu baadaye, kundi kubwa lilitoroka. Kiongozi anayetajwa ni mwanamke, Wanankhucha, ambaye masimulizi yanamtambua kuwa mtabiri na mwenye maarifa ya uganga. Nia ilikuwa kurudi Uzigua kwa miguu. Safari iliishia kwenye Mto Juba, katika misitu minene iliyoitwa Gosha, mahali ambapo wafugaji hawakupenda kukaa kwa sababu ya mbung'o na maradhi. Wakafyeka, wakalima, wakajenga vijiji vyao. Declich (1995), aliyekusanya masimulizi haya, anaonesha kwamba wanawake na wanaume hawaisimulii historia hiyo kwa namna moja. Kabla yake, Grottanelli (1953) aliwahi kuandika kuhusu Wabantu wa Juba kwa kuzingatia mapokeo ya Wazigula wenyewe. Kwa msomaji wa Kiswahili, inafaa kuongeza kwamba hadithi ya mhamaji anayekuwa mwanzo wa watu wapya si ngeni katika eneo la Korogwe na Usambara. Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi, inaanza na Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, na kumfanya kuwa shina la watawala wa Usambara. Tofauti ni kwamba Mbega alipata milki, ilhali Wanankhucha alipata kichaka.

Waliowafuata Gosha katika miongo iliyofuata walikuwa watu wa asili nyingine: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Hao waliwasili kidogokidogo, kwa nyakati tofauti, wakiwa na lugha mbalimbali. Wazao wao wengi leo huzungumza Kimaay, lugha ya kusini mwa Somalia iliyo jirani na Kisomali sanifu. Wapo pia wanaoitwa Shanbara katika maandishi, na wapo wanaolihusisha jina hilo na Shambaa. Kufanana kwa majina peke yake si ushahidi wa nasaba. Dai hilo lingehitaji msamiati na maumbo ya kisarufi ili lisimame.

Jina Mushunguli, ambalo Wasomali waliwapa Wazigula na ambalo wanaisimu wengi wamelitumia kuita lugha yao, ni mfano wa yale yanayoupata urithi unapopita katika kinywa cha jirani. Kisomali hakina sauti /z/. Maneno ya Kiarabu yenye sauti hiyo hutamkwa kwa /s/, kiasi kwamba Zaynabu huwa Seynab. Kwa hiyo, kuondoka kwa /z/ ya Muzigula kunaeleweka, ingawa mtu angetarajia /s/ badala ya /sh/, na king'ong'o kilichoingia kabla ya /g/ kinahitaji maelezo yake. Jambo la kuvutia zaidi ni la kimofolojia. Kisomali kilichukua umbo la umoja, pamoja na kiambishi chake mu-, na kulifanya jina la kundi zima. Anayesema Mushunguli anatamka, bila kujua, mtu mmoja.

Kilichohifadhiwa

Mtengano wa Chizigula cha Juba na Kizigua cha Handeni una sifa adimu katika isimu historia ya Kibantu: tarehe yake inajulikana kwa ukaribu. Lugha nyingi za kundi hili zilitengana wakati ambao hakuna kumbukumbu inayoufikia. Hapa, watu waliondoka katika miaka ya 1830, wakakaa katika mazingira ya lugha za Kikushi, huku ndugu zao wakibaki katika mazingira ya Kiswahili. Umbo linalopatikana katika matawi yote mawili kwa kawaida lilikuwapo kabla ya kutengana. Umbo linalopatikana Handeni pekee na kufanana na Kiswahili lina uwezekano mkubwa wa kuwa lilikopwa baadaye. Kwa kipimo hicho, tawi la Juba ni shahidi wa hali ya tawi la Handeni kabla ya shule, reli na redio.

Mfano rahisi ni wa /l/. Katika Kiswahili, /l/ ya kale ilidondoka katika mazingira mengi, ndiyo sababu kitenzi cha Kiswahili ni kuomba ilhali cha Chizigula ni kulombeza, chenye mzizi wa asili moja. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayowafanya Wangulu kuwa Wanguu na Wazigula kuwa Wazigua katika Kiswahili. Mtu anayejitambulisha kama Mzigula, awe mzee wa Handeni au aliyezaliwa karibu na Jamaame, anatunza konsonanti ambayo daftari la serikali limeiondoa. Kiambishi cha ngeli nacho kimebaki: lugha ni Chizigula, kwa chi-, pale ambapo Kiswahili kina ki-.

Toni ndiyo sehemu yenye uzito zaidi, na inastahili kuelezwa kwa kirefu. Tofauti na Kiswahili, Chizigula ni lugha ya toni. Uchambuzi wa Kenstowicz na Kisseberth (1990) umeifanya lugha hii ijulikane kwa wanafonolojia kote duniani, hata kwa wale wasioweza kuionesha Handeni katika ramani. Vitenzi vyake vimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza halina toni ya juu, mfano kudamanya, yaani kufanya. Kundi la pili lina toni ya juu katika mzizi, mfano kulombéza, yaani kuomba. Ajabu ni kwamba toni hiyo ya juu haikai pale inapotoka. Husafiri kuelekea mwisho wa neno na kutua katika silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likirefushwa kwa viambishi, nayo husogea: kulombéza, kulombezéza (kuombea), kulombezezána (kuombeana). Mzizi ni uleule, toni ni ileile, lakini kila mara inasikika mahali papya.

Hata nafsi hutofautishwa kwa njia hii. Katika nadamanya (ninafanya), hakuna toni ya juu. Katika adamánya (anafanya), toni ya juu imejitokeza, ingawa kitenzi chenyewe hakina toni. Imetoka katika kiambishi cha nafsi ya tatu, ikavuka kitenzi hadi silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa maneno mengine, alama ya mtendaji iliyo mwanzoni mwa neno inasikika karibu na mwisho wake.

Sasa, maandishi ya kawaida, yanayofuata tahajia ya Kiswahili, hayaoneshi lolote katika haya. Kudamanya na kulombeza huandikwa bila tofauti. Maana yake ni kwamba sehemu hii ya urithi haiwezi kurithiwa kupitia kitabu. Hupita kutoka sikio la mtoto hadi kinywa chake, au haipiti kabisa. Kuwapo kwake katika Chizigula cha Juba, ambako wazungumzaji walizungukwa na lugha ambazo mfumo wake wa toni ni wa aina nyingine, ni ithibati kwamba kwa takriban vizazi sita au saba hakukutokea pengo: kila mara alikuwapo mtu mzima aliyezungumza na mtoto kwa Chizigula tangu alfajiri hadi usiku.

Kwa nini ilidumu

Jibu la haraka ni ubaguzi. Watu wa Gosha waliitwa jareer, neno linalorejelea nywele ngumu. Hawakuwa na nafasi katika nasaba za koo za Kisomali isipokuwa kama wafuasi wa ngazi ya chini, na ndoa kati yao na Wasomali wa nasaba zilizukwa mipaka mikali. Wakati wa utawala wa Waitalia, walikuwa miongoni mwa waliolazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Lugha ya mtu anayefungiwa mlango haina sababu ya kuachwa kwa ajili ya lugha ya aliyeufunga.

Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Wazao wa Wayao, Wamakua na Wanyasa walibaguliwa vivyo hivyo, kwa jina lilelile, nao wakahamia Kimaay. Kutengwa hakukuwalindia lugha zao. Tofauti iko katika namna walivyowasili. Wazigula walifika wengi kwa kipindi kifupi, wakiwa na lugha moja, wakatoroka wakiwa bado watu wazima walioizungumza tangu utotoni, na wakajenga vijiji ambamo jirani wa kushoto na wa kulia wote waliielewa. Wengine walijikuta katika vijiji vya mchanganyiko, na lugha ya kuwaunganisha ikawa ile ya eneo.

Kuna sababu ya tatu, inayotokana na mpangilio wa ukoo. Declich anaeleza umuhimu wa makundi ya ukoo wa kikeni miongoni mwa Wazigula wa Juba na ngoma zilizoambatana nayo. Uislamu ulipoenea, nasaba ya kuumeni ilipata nguvu mpya katika mirathi na majina, lakini mambo ya unyago, uzazi na uganga yaliendelea kupita kwa akina mama, na yalipita kwa Chizigula. Sehemu ya lugha iliyolindwa zaidi ilikuwa ile ambayo mamlaka ya nje, ya kidini au ya kiserikali, haikuwa na shughuli nayo.

Hata baada ya mwaka 1972, Kisomali kilipopata tahajia rasmi ya herufi za Kirumi na kufanywa lugha ya serikali na shule, Chizigula hakikuondoka majumbani. Tukio lililowaondoa wazungumzaji wake halikuwa la kiisimu. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakulima wa Juba, wasio na silaha wala ukoo wa kuwatetea, waliporwa na kuuawa na makundi yaliyopigania mto na maghala. Wengi walikimbilia Dadaab nchini Kenya. Baadhi walipanda vyombo vya bahari na kushika njia ya kusini, kinyume cha ile iliyowapeleka wahenga wao.

Waliobaki: reli, mkonge na majina

Kabla ya kufika Handeni pamoja na waliorejea, inafaa kutazama kilichowapata waliobaki, na hapo Korogwe ina habari nyingi kuliko Handeni. Korogwe iko kando ya Mto Pangani, mahali ambapo Wazigua, Wasambaa na Wabondei wamekutana kwa muda mrefu. Mkonge ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, pamoja na reli iliyotoka Tanga na kufika Korogwe mwanzoni mwa karne ya 20, uliigeuza wilaya hiyo kuwa makutano ya wahamiaji wa namna nyingine: manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka sehemu za mbali za Tanganyika na nje yake. Katika kambi za mkonge hakuna lugha ya asili iliyoweza kuwahudumia wote. Kiswahili kiliweza.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, elimu ya msingi ikiwa kwa Kiswahili, vijiji vya ujamaa vikiwa vya watu mchanganyiko na redio ikiwa ya taifa, Kizigua kilibaki lugha ya nyumbani na ya wazee. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina, tena hazina ya kukitajirisha Kiswahili, lakini haikuzipa nafasi darasani. Haya hayakufanywa kwa uadui. Mzigua wa Korogwe hakukatazwa lugha yake kwa dharau. Alipewa nyingine iliyomfungulia milango yote, na iliyofanana na ya kwake kiasi cha kumfanya asihisi kwamba amevuka mpaka.

Kinachobaki katika hali hiyo mara nyingi ni jina. Katika wilaya hizi, majina ya koo yanayoanza na Se- kwa Wazigua na Wabondei, na She- kwa Wasambaa, kama Semboja na Shekilindi katika historia, yanajulikana na kila mtu. Kiambishi hicho kinahusiana na neno la kale la Kibantu lenye maana ya baba. Kijana anaweza kulibeba jina la namna hiyo shuleni, jeshini na ofisini Dodoma bila kujua sentensi tano za lugha iliyolizaa. Upande wa Juba, hali ilikuwa kinyume. Waliorejea waliandikishwa kwa mtindo wa Kisomali: jina la mtu, la baba na la babu, yote ya Kiislamu, yasiyoonesha popote kwamba mwenyewe ni Mzigula. Wa Korogwe ana jina na hana lugha. Wa Juba ana lugha na hana jina. Ofisi ya usajili humtambua wa kwanza kwa urahisi zaidi.

Handeni: amana inaporudishwa

Wakimbizi waliofika Tanzania walipokelewa Mkoa wa Tanga na kuwekwa Mkuyu, wilayani Handeni, katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 walihamishiwa makazi ya Chogo, wilayani humo humo, ambako familia zilipatiwa ardhi ya kulima. Utaratibu wa kuwapa uraia ulifuata, na kufikia mwaka 2014 watu wapatao 1,500 walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Waliupata kwa tajnisi, yaani kama wageni waliokubaliwa, wala si kwa nasaba. Sheria haina kipengele cha kumrudisha mtu kwa sababu babu wa babu yake alitoka hapa, na ni vigumu kuona namna ambavyo ingekuwa nacho. Lakini kuna tofauti kati ya sheria na yaliyotukia sokoni. Mzee wa Handeni aliyemsikia mgeni aliyevaa kikoi cha Kisomali akiongea lugha ya bibi yake hakuhitaji cheti. Ushahidi ambao hauna uzito mbele ya ofisa wa uhamiaji ulikuwa na uzito wote mbele ya jirani.

Kitenzi kinachotumiwa kueleza tukio hili kina utata wake. Je, watu hawa wamekuja au wamerudi? Nyaraka rasmi ziliwaita wakimbizi wa Kisomali, zikimaanisha waliokuja. Wenyewe wanapendelea kurudi, na kitenzi hicho kinawajumuisha na watu waliokufa zamani: aliyeondoka si aliyerudi, ila ukoo ni mmoja. Ngano ya Wanankhucha, ambayo safari yake iliishia njiani, inapata kwa kitenzi hicho mwisho ambao haukuwa nao.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapokaza. Mtoto wa Chogo anasoma shule ya Kiswahili pamoja na watoto wa Kitanzania. Hakuna anayemwita jareer. Anaweza kuoa au kuolewa nje ya makazi, kupanga chumba Korogwe, kufanya biashara Tanga. Kila mlango uliofungwa Juba umefunguliwa, na kila mlango unafunguliwa kwa Kiswahili. Wazazi wake walijifunza Kisomali au Kimaay na bado wakamlea kwa Chizigula, kwa kuwa Kisomali kilikuwa lugha ya watu wengine. Kiswahili si lugha ya watu wengine kwa namna hiyo. Ni ya Kibantu, ina ngeli, ina kuomba karibu na kulombeza, na jirani Mzigua mwenyewe, ambaye angetarajiwa kuwa mshirika wa kuitunza Chizigula, anamjibu kwa Kiswahili.

Suala la toni linaonesha hatari hiyo kwa namna isiyoonekana kwa urahisi katika msamiati. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Toni ya juu ya Chizigula, kama ilivyoelezwa, hutua mahali hapo hapo. Mtoto aliyezoea Kiswahili atakapotamka kulombeza, mkazo wake utakuwa mahali panapofaa na mzee hatasikia kosa. Atakapotamka kudamanya, ataiweka sauti ya juu pale ambapo haikutakiwa kuwapo, lakini mzee mwenyewe amezoea kusikia Kiswahili siku nzima na hatashtuka. Nadamanya na adamánya zitasikika kwa kiimbo kimoja, na kwa kuwa viambishi vya mwanzo bado vinatofautiana, maana haitapotea. Inatarajiwa basi kwamba mfumo mzima wa toni unaweza kuporomoka ndani ya kizazi kimoja huku kila neno likiwa bado lipo na kila mtu akiamini kwamba lugha imebaki. Lugha isiyofanana na Chizigula, kama Kisomali, isingeweza kuleta badiliko kwa ukimya huo. Kosa lingejulikana mara moja kuwa ni la kigeni.

Wakati huohuo, maelezo mengi ya Chizigula cha Juba yanafanyika mbali. Marekani iliwapokea zaidi ya Wabantu wa Somalia 12,000 kuanzia mwaka 2003, na wazungumzaji wa Chizigula wamejikuta Ohio, Idaho, California na kwingineko. Katika San Diego, wanafunzi wa isimu wameandika tasnifu kuhusu fonolojia yake, na Boise kumefanyika kazi ya sarufi na kamusi pamoja na wazungumzaji wenyewe. Kazi hizo ni za thamani. Zimeandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa Handeni anayetaka kujua majirani zake wa Chogo wanazungumza nini hana pa kuanzia katika lugha anayofundishia.

Utafiti unaohitajika haudai vifaa vingi. Wazungumzaji wa rika tatu wa Chogo, wale waliozaliwa Juba, waliokuja wakiwa watoto na waliozaliwa Handeni, warekodiwe wakitamka jozi chache za vitenzi vya makundi mawili ya toni, katika nafsi ya kwanza na ya tatu, pamoja na minyambuliko yake. Wazee wa Kizigua wa Handeni na wa kando ya Mto Pangani wilayani Korogwe watamke maneno hayo hayo. Ikiwa nadamanya na adamánya bado zinatofautiana kwa toni katika kinywa cha mtoto wa miaka kumi wa Chogo, dhana iliyotolewa hapa itakuwa imekanushwa. Waliozaliwa Juba wakiwa na umri wa kukumbuka vijiji vya kabla ya 1991 sasa ni watu wazima wa makamo na wazee, na rekodi ya kulinganishia inawategemea wao.